Nyuki Wangu Walipohama

Marahaba, mjukuu wangu Tatu. Huku Goweko wazima, bibi yako anakusalimu.

Unauliza digrii ya biolojia ina kazi gani zaidi ya udaktari na ualimu. Hata mimi nilidhani haina, mimi bingwa wa nyuki niliyeishia darasa la nne!

Ujanani nyuki wangu walihama, nikamtuhumu jirani kwa uchawi. Akaja afisa nyuki, binti mwenye digrii kama yako. Nikamtania, "Dada, hapa hakuna maabara."

Akachungulia ndoo yangu ya asali. "Kaka, umekamua mpaka majana! Watoto wao umewamaliza, wabaki wafanye nini?"

Mungu wangu! Kumbe mchawi ni mimi!

Hospitali na shule zisipokuita, Tatu, njoo porini. Mabingwa kama mimi bado tupo wengi.

Babu yako