Desemba Yangu, Azar Yake

Ijumaa, 3 Februari 2012
Mwezi wa tatu sasa hapa Ghuba, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, kwa binti yangu Cheryl. Yeye nesi, zamu kila leo. Mimi mstaafu — kazi yangu kufuata mkate asubuhi! Nimeridhika. Mwokaji, Agha Gholam (Agha kwao ni Bwana), ni Muirani. Huniwekea ule wenye kingo kavu. Tunaongea Kiarabu cha kuokoteza. Leo nimemwambia nilikuwa mpishi wa meli za mafuta, miaka kumi na tisa. Kacheka — eti ndiyo maana naukagua mkate kama afisa wa forodha.

Jumapili, 5 Februari
Kanikaribisha ndani, karibu na tanuri. Chai, na kipande cha sukari kinywani. Kauliza kama nilipita Ghuba wakati wa vita vya kwao, miaka ile ya themanini. Nilipita! Safari kumi na moja. Taa tunazima, tunalala na jaketi za kuokolea. Na bado nakanda chapati, maana watu ishirini na sita hawashibi woga.

Kisha ile asubuhi, tarehe 6 Desemba 1987. Nakaanga mayai. Boti mbili za kasi zikatujia. Roketi ikapiga upande wa jikoni. Eugene, mhudumu wetu wa mezani, baba wa watoto wanne, alikufa palepale, sahani mkononi.

Agha Gholam kasahau tanuri. Mkate mmoja ukaungua.

Jumanne, 7 Februari
Hakunitazama. Kanipa mkate uliokuwa karibu, si ule wenye kingo kavu. Nimesema nini?

Alhamisi, 9 Februari
Kaniita mwenyewe, kafunga mlango wa duka. Vitani alikuwa kwenye boti kama zile. Alifyatua roketi mara moja tu, kwa meli moja ya mafuta. Jina hakulisoma — moshi. Ila siku anaikumbuka, ndiyo aliyozaliwa binti yake: 15 Azar 1366, kwa kalenda ya kwao. Kwetu ni Novemba au Desemba, hana hakika. Mikono yake ilikuwa unga mpaka viwikoni. Nilipaswa kukasirika. Nikajikuta nimemshikia glasi yake ya chai.

Ijumaa, 10 Februari
Cheryl yuko off. Nimemwomba aigeuze ile tarehe ya Azar iwe ya kwetu, kwenye kompyuta. Dakika haikufika, na siku ya Eugene anaijua tangu zamani. Kageuka, kafungua mdomo — nikamwambia ngoja! Nikampigia Agha Gholam aje tule mchana, tusikie pamoja.

Nimepika wali wa nazi na samaki wa kupaka, naimba mwanzo mpaka mwisho. Sijapikia mtu wa baharini miaka mingi. Cheryl kaniuliza, Baba, kwani hutaki kujua? Nataka. Lakini huyu ndiye rafiki pekee niliyempata hapa. Ale kwanza.

Kengele! Cheryl kaenda kufungua. Kutoka hapa mezani namwona Agha Gholam, kavaa koti, kanyoa ndevu. Haingii. Hanitazami mimi. Anautazama uso wa Cheryl — na Cheryl, tangu utotoni, hajui kuficha kitu usoni.