Shina la Maua na Malapa Yangu

Baba Watoto,

Ukirudi kula, chakula kimefunikwa jikoni. Vile vipande vya maua viko kando ya pipa, chini ya gunia bichi. Uvipande jua likishapoa: mizizi ifukiwe yote, vichipukizi vibaki nje. Umwagilie taratibu, si ndoo nzima kama unazima moto.

Sasa tuongee. Asubuhi umenikuta na kisu mkononi, shina ulilonipa enzi za uchumba limelala chini vipande vipande. Ukanuna, ukaondoka bila chai wala kuuliza. Kitinda mimba wako ananiambia, "Baba anasema umemchoka." Makubwa! Shina lenyewe lilikuwa limebanana mpaka katikati limekufa. Mwaka wa tatu huu tunasifia majani tu. Lazima ling'olewe, ligawanywe, ndipo lichanue tena. Ningekueleza jana usiku, lakini ulikuwa unakoroma.

~~Kipande kimoja mpelekee mama yako.~~ Hapana, acha. Akisikia nimelikata, mtakuwa wawili mlionuna. Nitampelekea mwenyewe likishachanua.

Kile chenye vichipukizi vitatu ukipande chini ya dirisha letu, upande unaolala wewe.

Na siku nikikuchoka, mume wangu, sitahangaika na maua. Nitaanza kwa kukutolea viatu nje. Leo viko palepale mlangoni, maana umesusa ukiwa umevaa malapa yangu ya rangi ya waridi. Yarudishe. Mafundi wenzako wameshacheka vya kutosha.

Mama Watoto
(bado yupo)