Kioo Juu ya Ufa

Jumatatu, 3 Novemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Ukiuliza afya yangu, magoti yanalalamika na masikio yameacha kazi bila kuaga. Mengine yote, alhamdulillah. Nawe je? Unakula, au bado unashindia chai huku ukipanda majengo ya watu? Usihangaike kunipigia simu. Juzi niliishika nikasikia nyuki tu. Siku hizi nasoma midomo ya watu, na simu haina mdomo. Barua haikati maneno, na nisipoielewa naweza kuirudia.

Mvua zimeanza. Nafungua maktaba ya msikiti kila adhuhuri kama kawaida, kule ghorofani, na baada ya alasiri tunashuka kwenye ukumbi wa swala kusoma, wazee na watoto pamoja. Jana tulifika kwenye kile kisa cha Kurani cha ukuta uliotaka kuanguka, ukasimamishwa bila ujira. Nilikuwa nawaeleza kwamba kutengeneza cha watu kabla hakijawaangukia ni ibada, hata wenyewe wasipokushukuru. Fundi viatu, unamjua mdomo wake, akadakia: "Mwalimu, ukuta wenyewe ulikuwa kama huu wetu?" Akanyoosha kidole juu.

Nikatazama. Kwenye boriti kubwa, pale inapokutana na nguzo, kuna ufa umeshuka mshazari kama kovu. Najua utanitupia methali ya ufa na ukuta, kwa hiyo nimekuwahi. Nijibu kama injinia, si kama binti: ni wa kutia hofu?

Mjomba wako anakusalimu. Tangu awe mwenyekiti wa msikiti anatembea kama aliyemeza fimbo. Bado anakumbusha kila mtu kwamba ghorofa ile ni jasho lake, na kwamba mimi shemeji yake nilipewa ufunguo wa maktaba kwa huruma.

Ni mimi,
Baba yako

Jumamosi, 8 Novemba

Baba yangu,

Shikamoo, na waalaikum salaam. Mimi mzima. Nakula, na chai nimeipunguza, kidogo.

Ufa mwembamba wa plasta usingenisumbua. Huo wa mshazari karibu na nguzo sikupenda kuusoma. Fanya hivi: tafuta kipande cha kioo chembamba, kivushe juu ya ufa, ukibandike pande zote mbili kwa saruji laini. Usitumie gundi inayonyumbuka, itakudanganya. Boriti ikisogea hata kwa unywele, kioo kitapasuka nawe utakiona. Nakuambia utakiona kwa sababu zege hulia kabla ya kuachia, Baba. Mtu mwenye masikio huusikia mlio ule akakimbia. Wewe huna dalili nyingine ila kioo.

Halafu nieleze vizuri: juu ya boriti hiyo kuna nini?

Binti yako

Jumatatu, 17 Novemba

Mwanangu,

Assalaam alaikum. Barua yako ilinikuta salama, na naomba hii ikukute hivyo hivyo. Kioo nimekibandika. Nimekitoa kwenye fremu ya picha yako ya mahafali, kwa hiyo sasa unatazama sebule uso mtupu, na vumbi halina adabu. Fundi viatu alinishikia ngazi na kuniletea gundi yake ya soli. Nikaikataa, nikamweleza sababu. Akasema, "Mwalimu, wewe hata ukizama utamweleza mtu maji ni nini."

Umeuliza juu kuna nini. Rafu za vitabu si kitu. Nyuma ya rafu ndiko kuna mzigo. Unajua kwamba msahafu ukichakaa hautupwi. Sasa watu hawajui waupeleke wapi, basi wanauleta msikitini. Wanaubusu, wananikabidhi, wanaondoka wepesi. Na mimi ni nani niukatae? Haba na haba, mwanangu, imefika dari.

Nikiwa peke yangu huifungua. Kuna mmoja kurasa za mwanzo zimechakaa na zilizobaki ni mpya kabisa. Mwenye msahafu huo alianza upya kila mwaka. Kuna mwingine umechakaa pale tu panaposomewa wafu, na nikajiuliza mtu yule alizika wangapi. Kusoma alama za vidole vya waliotangulia nako ni kusoma.

Sheria inaruhusu kuizika mahali safi pasipokanyagwa. Nililisema kwenye kamati. Mjomba wako akaniuliza, "Shemeji, siku watu wakituona tunachimba shimo na kutia Kurani, utawaeleza wewe?" Nikasema ndiyo, nitawaeleza, kueleza ndiyo kazi yangu. Kisha nikamwonyesha ufa. Akasema nyumba ya Mungu ina Mwenyewe, na kwamba imani yangu imeanza kuvuja kama masikio yangu. Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana utani wa shemeji haukatazwi, lakini neno lile nilirudi nalo nyumbani.

Nimelifikiri hivi. Kutawakali si kumrudishia Mungu kazi aliyokupa wewe. Mtu anayeomba alindwe na jengo, huku macho aliyopewa yameshauona ufa, anaomba jibu ambalo amekwisha kulipata.

Kioo bado kizima.

Baba yako

Alhamisi, 20 Novemba

Baba,

Shikamoo. Hujambo? Nisamehe, salamu zangu leo ni fupi. Barua hii nampa dereva wa gari la mizigo ifike upesi.

Je, paa la juu linavuja? Karatasi hunywa maji. Msahafu uliolowa si mzigo ule ule wa msahafu mkavu, na wewe umeniambia imefika dari, na mvua ndiyo kwanza imeanza.

Nimempigia Mjomba. Kaniambia, "Mtoto wa juzi, tulipokuwa tunamwaga zege hilo wewe ulikuwa unalilia ziwa." Nikamuuliza nondo ngapi alitia kwenye boriti ile. Akasema alitia za kutosha. Baba, mtu anayejua hutaja idadi.

Hamisha darasa. Msikae tena chini yake, hata kwa dua fupi. Wewe ndiye uliyenifundisha subira, na sikumbuki ukisema ni kukaa chini ya kitu kinachoanguka. Nimeomba ruhusa kazini, nitafika Jumapili ya tarehe 30. Tafadhali, mpaka nifike asiswali mtu humo.

Binti yako

Alhamisi, 27 Novemba

Mwanangu,

Assalaam alaikum. Mimi mzima. Kioo kimepasuka.

Nilikiona asubuhi, baada ya watu kutoka. Nusu imeshuka kuliko nusu nyingine, na katikati napitisha ncha ya kalamu. Juu yake dari imeshika doa la maji, pana kama jamvi. Darasa nililihamishia barazani tangu ulipoandika, na tumekwishaitwa wakimbizi.

Nikaenda kwa Mjomba wako na vipande mkononi. "Kioo kimepasuka, shemeji."

"Vioo hupasuka, shemeji. Ndiyo tabia yao."

"Kesho ni Ijumaa. Ukumbi utajaa."

"Unataka niwaswalishe watu kwenye matope?"

"Kwenye matope mtu huinuka akapangusa magoti."

Alivipokea vile vipande akavigeuza, na kwa kitambo nikadhani amenielewa. Kisha akasema, "Nikifunga leo, nimekiri kwamba nilijenga kaburi." Hapo nikamwonea huruma, kwa maana alikuwa amekwisha kukiri.

Sasa nisikilize. Ukumbi una milango miwili, na mimi sina ruhusa ya kufunga hata mmoja. Ufunguo wangu ni wa maktaba tu. Lakini katika jamaa hii hakuna atakayeruka msahafu. Tangu asubuhi naiteremsha ile ya maktaba, na udhu wangu, kifuani, mzigo baada ya mzigo. Nimeweka meza katika milango yote miwili, nikatandika mashuka safi, nikaipanga mpaka kimo cha kifua. Anayetaka kupita itabidi aiondoe kwa mikono yake, watu wakimwona, na aamue ataiweka wapi. Mimi nitakaa kwenye kiti mbele yake, nikisoma.

Heshima iliyotujazia dari ndiyo hiyo hiyo itakayotuzuia mlangoni. Nilitaka nikuelezee hilo kwa urefu, lakini bado kuna mizigo ya kuteremsha.

Kama nimekosea, nitakuwa mzee aliyemwaibisha shemeji yake mbele za watu. Hilo naliweza. Lile lingine siliwezi.

Baba yako

Jumamosi, 29 Novemba

Baba yangu,

Shikamoo. Assalaam alaikum. Hujambo? Magoti yako hayajambo?

Naandika kwenye benchi la kituo cha basi. Barua yako ya kioo dereva alinifikishia jana usiku, sikuweza kuingoja Jumapili. Barua hii sitampa dereva, nitakuja nayo mwenyewe mkononi. Nimekununulia kioo kipya cha ile picha, nimekipakata hapa.

Mjomba alinipigia asubuhi hii. Alitaka kukushtaki kwangu. Kasema jana mliswali uani, matope mpaka kwenye vipaji vya nyuso, na hakuna aliyeruka. Fundi viatu alikuwa wa kwanza kuvua koti lake na kulitandika chini. Kisha baada ya swala watu wote wakageuka kuutazama ukumbi, na ukumbi umesimama. Mjomba akakuuliza mbele yao, "Mbona haujaanguka, shemeji?" Akawaamuru vijana waipandishe misahafu juu upesi kabla mvua haijarudi.

Kasema ukasimama kwenye ngazi ukawazuia. Ukawaambia hapandi mtu asiye na ufunguo, na kwamba utairudisha wewe mwenyewe, mmoja mmoja. Alicheka sana aliponieleza. "Baba yako anabeba msahafu mmoja, anapumzika, anausoma kidogo, anashuka. Kwa mwendo huo atamaliza mwakani. Na milango yangu bado imeziba!"

Hakukuelewa, Baba. Mimi nimekuelewa. Unachelewesha. Milango ikibaki imeziba, ukumbi unabaki mtupu, mpaka mimi nifike.

Nikamwambia, "Mjomba, nakuomba, mshushe. Mvua ilinyesha huko?"

Akasema ilinyesha, tena sana. Akasema, "Namwona dirishani hapo juu, anapanga, wala hana wasiwasi. Ngoja. Nini hicho kinacholia?"

Kisha akakuita. Sikuwahi kumsikia Mjomba akiita hivyo. Hakusema shemeji, alikuita kwa jina lako. Akakuita tena, na watu wengine wakaanza kukuita pamoja naye, wengi, kama uwanja mzima. Simu ikakatika. Nimeipiga tangu hapo, haipokelewi.

Basi limewashwa, utingo anatuita tupande. Nikifika nitakupa barua hii, utaisoma na kunisahihisha herufi kama kawaida yako.

Niliusikia mlio ule, Baba, hata kwenye simu, hata mbali huku. Kila mtu pale aliusikia isipokuwa wewe.

Binti yako