Kuhe Chumbani

Jumapili, 19 Mei 2024

Ziwa limefungwa tangu Jumatano. Hakuna kuvua mpaka Agosti, samaki wazaliane. Sawa. Na sisi tule nini? Kijiji kizima cha Mwamgongo mitumbwi imepinduliwa mchangani. Tumejibana kwa Yunisi, dada wa mume wangu Elikana, tangu maji yalipoichukua nyumba yetu. Elikana hana kazi, anashinda ndani akiuliza chumvi iko wapi. Kisirani kitupu!

Alhamisi, 30 Mei

Ajabu leo! Nilipita kwa mtumbwi kwenye nyumba yetu ya zamani nikitafuta kuni zinazoelea. Mabati tuliyang'oa, zimebaki kuta. Maji mwaka huu yamepita ukingo wa chini wa dirisha kwa shubiri moja. Nikachungulia — samaki wawili, kuhe, chumbani kwetu! Dume na jike, wakubwa. Wamefagia tope, wakataga palepale kilipokuwa kitanda. Wameingilia dirishani, maana mlango tuliuziba wenyewe kwa mawe na viroba vya mchanga ili kuzuia ziwa. Ziwa!

Jioni nikasimulia. Elikana akasema mazalia yao ya zamani sasa yako kwenye kina kirefu, na mito imeyafunika tope, ndiyo maana wanapanda huku. Alisema polepole, macho kwenye sahani ya mihogo. Afadhali ningenyamaza.

Jumanne, 11 Juni

Vitoto! Vimetanda juu ya mchanga kama pumba kwenye ungo. Wazazi wamekonda. Kuhe akilea watoto hali chakula, anafukuza maadui tu mchana kutwa.

Lakini kiangazi kimeingia, maji yanashuka. Yakifika chini ya dirisha hawatoki tena, wazazi wala watoto. Nikaenda kwa Mzee Telesphory, mwenyekiti wa kamati ya uvuvi. Shikamoo nyingi, kisha nikamwomba tuzibue mlango. Akakataa. Ziwa limefungwa, mtu asiguse samaki hata kwa wema.

Ila kanipa habari njema. Waliomezewa nyumba na ziwa watagawiwa viwanja huku juu, na jina letu limo. Sharti moja: pale chini pahesabiwe ni ziwa, tusidai tena. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Kuwa na mlango wangu mwenyewe! Nimechoka kuomba ruhusa ya kupika.

Elikana alipopata habari ya kukatazwa:

"Ziwa limefungwa, sawa. Chumba changu kimefungwa na nani?"

Yunisi alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi pia.

Ijumaa, 21 Juni

Nimerudi kutoka shamba, nyumba inanukia. Yunisi anakaanga kuhe. Sikuuliza katoka wapi. Nilikula. Mtamu, jamani! Nikalamba vidole, halafu nikaenda nje nikalia.

Baadaye nikaenda kuangalia. Kabaki dume peke yake. Akifukuza kambare upande huu, mwingine anaingia upande ule. Vitoto vimepungua sana. Nilimfokea Elikana mpaka sauti ikakauka. Hakujibu kwa hasira, ningependa angejibu kwa hasira.

"Mama Feliksi, maji yamebaki vidole vinne juu ya dirisha. Watafia mlemle. Bora tuwale sisi kuliko kunguru."

Tungezibua mlango, basi. Angenisaidia usiku mmoja tu!

Jumapili, 23 Juni

Wamemkamata. Kweupe, watu wakitoka kanisani. Askari wa doria wamemkuta chumbani, maji kifuani, wavu mkononi na yule dume ndani ya wavu. Akawapigia kelele: mnaingiaje chumba cha mtu bila hodi? Ufuo mzima ukacheka. Askari hawakucheka.

Yemama! Wanasema anaweza kufungwa.

Jumatatu, 24 Juni

Nimeitwa ofisi ya kijiji. Elikana kwenye benchi, shati lilelile la jana, midomo imepauka. Mkubwa wa doria ni kijana mpole, alinipa hata kiti. Akasema mume wangu anashikilia kwamba alikuwa nyumbani kwake. "Mama, na wewe ni mwenye nyumba. Alipokuwa ni ziwa, au ni nyumba? Ukisema ni nyumba, mimi sina kesi, namwachia sasa hivi."

Mdomo nilishaufungua.

Mzee Telesphory akakohoa. Karatasi za viwanja ziko meza hiyohiyo. Akasema taratibu, bila ubaya, kwamba kama ni nyumba basi haikumezwa, na kiwanja atapewa mwingine anayelala kwa watu.

Elikana akanitazama. Halafu akainamisha kichwa, na hilo limeniua zaidi. Yunisi alikuwa mlangoni. Jana tu kaniuliza tutahama lini.

Nimeomba kutoka nje kidogo. Nimekaa chini ukutani, naandika. Kutoka hapa naziona kuta zetu. Maji yamelingana na dirisha, na ndani sasa hakuna mzazi hata mmoja. Kijana wa doria kachungulia, kaniuliza kwa heshima kama niko tayari. Nimemwambia bado, namalizia kuandika.

Kaniambia haya mama, andika.