Kile Kifurushi cha Kwenye Mhina

Wifi yangu Dhahabu,

Anayeshika kalamu ni mjukuu wetu Rehema. Nimemkataza kupunguza neno.

Unakumbuka tukipanda mpunga hapa Idsowe, maji magotini, wewe unaimba vibaya na mimi nakuambia nyamaza, utafukuza mvua? Niliolewa na kaka yako, lakini aliyenifanya nikae ni wewe. Hilo sikukwambia.

Halafu mjukuu wangu wa kwanza akashikwa na homa, nami nikaona kwenye mhina wa uani kifurushi cha majani makavu, kimeshonwa kwa nyuzi nyeupe, kikubwa kama ngumi. Asubuhi ile ulikuwa umesimama pale pale ukichuma hina. Sikuuliza. Nilikichoma kwa mafuta ya taa, nikakuita mchawi kisimani, wanawake wote wakisikia. Ukatua ndoo. "Maliza yote, wifi, nisirudi kusikia mengine." Ukahamia Bura kwa mwanao.

Juzi kifurushi kama kile kimetokea tena. Safari hii mwenyewe alikuwa juu yake: buibui mpana kama kiganja, amekikumbatia. Nikafuata mafuta ya taa, Rehema akanishika mkono.

"Bibi, huyo ni mama, analinda mayai."

Anasomea wanyama chuoni. Akasema buibui hao ni ukoo mzima, wa aina nyingi. Hawategi utando, wanawinda kwa miguu, na jike hushona majani kwa uzi wake akaficha mayai humo. Sikuamini. Niliweka kigoda nikamlinda huyo mlinzi siku nne. Kifurushi kikatoboka, vibuibui vikatoka kama ufuta uliomwagika.

Nikalia, halafu nikacheka. Kumbe hukuniroga. Miaka yote nimelala nikijua kwamba mtu ninayempenda kuliko dada zangu alitaka mjukuu wangu afe. Mzigo huo umeshuka, wifi, hata chakula kinapita. Ile homa ilikuwa ya mbu, na mtoto mwenyewe sasa ana ndevu.

Nilipokupigia simu kukuomba radhi uliniuliza, "Bado una mdomo ule?" Nikasema ninao. Ukasema, "Basi utumie."

Jumapili Rehema ataisoma barua hii kanisani, mbele ya waliosikia kisimani ambao wangali hai. Nitasimama mpaka aimalize, goti liume lisiume. Dhahabu si mchawi na hajawahi kuwa. Mjinga nilikuwa mimi.

Njoo uketi benchi la mbele. Wakikutazama, nawe watazame. Na kama miguu inakataa kuja, nitapanda basi hapo Garsen nikufuate, nikuombe radhi tena mbele ya majirani zako.

Ni mimi, mke wa kaka yako