Neno Niang

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na makaa yatafika mwaka mpya. Sisi wazima, ila usingizi sina; mjukuu wako Xiaomai ana siku arobaini na mbili na bado hajui usiku ni wa nini.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema mdogo wangu Wenshuo asije sikukuu hii bila mchumba, kwa sababu majirani wanamwita niang, mwanamume laini kama mwanamke.

Mume wangu alikosa ruhusa kazini, nami kwa desturi yetu mwezi mzima wa uzazi nisiguse maji baridi. Mdogo wangu ndiye aliyekuja. Kipara, kifua cha kunyanyua vyuma, sauti ya dereva wa lori. Akanipikia uji wa ulezi na mayai, akafua nepi. Siku ya tatu nikamsikia akimbembeleza mtoto kwa sauti nyembamba, ile ya utotoni. Jiahe, anayeishi naye chumba kimoja, alikuwa ametuletea kuku. Akamtania: “Mzee mzima, ile sauti nzito umeiacha stesheni?” Akajibu kuwa mtoto haitaki, inamliza.

Tulicheka. Halafu akaniambia kwamba hata kwa wanaume wenzao yeye na Jiahe, wenye vifua huwacheka walio laini, na yeye aliwacheka sana ili asichekwe. Sasa amechoka. Anataka kuwa mwanamume kwa sauti yoyote itakayomtoka.

Baba, aliyeanza kumwita niang si jirani. Ni mimi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, nikamwonea aibu mbele ya wenzangu. Nikamfundisha kutembea kibabe, kukohoa, kutema mate. Juzi nikinyonyesha ndipo nikakumbuka jina ambalo wewe ulikuwa ukimwita mama yako, Bibi yetu: niang. Mama. Nililia mpaka mtoto akaacha ziwa.

Na Jiahe si wa chumba tu. Ni mwenzi wake, mwaka wa nne huu, nami nilijua. Mchumba hatakuja, usimtafutie.

Tutafika tarehe ishirini na nane ya mwezi wa mwisho, mimi, Wenshuo, Jiahe na mtoto. Ukimfungia mmoja mlango, tunarudi wote. Sikutishi. Lakini chini kabisa ya barua yako uliuliza kama Wenshuo anakula vizuri, na kwa mstari huo nimepata nguvu ya kukuandikia. Anakula, Baba. Kitanda cha matofali cha chumba cha mashariki kiwashiwe moto wa chini mapema. Hao wawili ni warefu, na Jiahe miguu yake huwa baridi.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Binti yako,
Lu Caixia