Ukurasa wa Tano Haujagongwa

Jumamosi, 7 Juni

Shikamoo, uji, dawa, kitabu. Asubuhi zetu siku hizi ndiyo hizo. Baba anakunywa uji nusu kikombe, anafuta mikono, anataka kitabu. Nampa. Anafungua ukurasa wa tano, anauonyesha kwa kidole. "Huu haujagongwa." Nasema ndiyo, Baba. Anafunga. Baada ya nusu saa anafungua tena. Leo nilifika mara kumi na moja nikaacha kuhesabu, maana nilianza kumkasirikia, na kumkasirikia mgonjwa ni dhambi.

Naandika vizuri kitabu hiki ni nini, nisije nikasahau na mimi. Ni kaunta buku la jalada jeusi. Baba na Mama walikiita pasi. Baba alipostaafu utendaji wa kijiji kule Kinampanda walianza kutembelea mbuga za wanyama, moja kwa mwaka, wazee wawili na chupa yao ya chai. Kila lango Baba alidai agongewe muhuri. Makarani walimcheka, wakagonga. Tarangire, Manyara, Serengeti, Ruaha. Kila ukurasa kauandika kama barua ya ofisi: "Mimi pamoja na mke wangu Salome tumefika hapa leo na tumeona yafuatayo." Tembo wangapi, nyati wangapi. Chini muhuri, na sahihi ya karani juu yake.

Ukurasa wa tano kichwa aliandika Mama. Jina la mbuga, kisha "Tumefika". Hawakufika. Mama alifariki mwaka juzi kabla ya safari.

Baba hakumbuki mazishi. Anasema Mama yuko langoni anasubiri muhuri, ndiyo maana harudi. Ukurasa ukigongwa atarudi.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani kamwonyesha mchungaji ukurasa. Mchungaji akamwombea. Baba akaitikia amina, kisha akauliza muhuri wa kanisa unakaa kwa nani. Watu wakacheka. Nami nikacheka. Nyumbani sikucheka.

Jumatano, 11 Juni

Shule zimefungwa, sina vipindi. Nimeamua nimpeleke huko kwenye mbuga ya tano, agongewe, yaishe.

Kaka Yona kapiga simu kutoka Nduguti. Anasema nitamchosha mzee bure. Yona ana ushauri mwingi kwa mtu tunayemwona Krismasi hadi Krismasi. Anayeulizwa kila nusu saa ni mimi.

Lakini Yona anajua muhuri ni nini kwa Baba. Enzi za utendaji Baba aliuweka kwenye mfuko wa shati, padi yake ndani ya kikopo cha mafuta ya mgando. Mwananchi akimkuta shambani, aligongewa shambani, karatasi juu ya goti. Ofisini kwake hakuna aliyewahi kuambiwa mwenye muhuri ametoka. Majina ya wajukuu yamemtoka. Hilo la muhuri bado analisema, na anapolisema anakaa vizuri kwenye kiti.

Jumamosi, 14 Juni

Tumefika. Jina la mbuga silitaji, nina hasira nayo.

Baba kavaa koti la ofisi. Njia nzima kitabu mapajani. Dada wa langoni alikuwa na adabu, siwezi kumlaumu. Shikamoo babu, karibu babu. Kisha akasema mihuri hawagongi tena, siku hizi kila kitu kiko kwenye mfumo, stakabadhi imeshaingia kwenye simu yangu. Nikamwonyesha Baba simu. Akaitazama mbele, akaigeuza nyuma. "Hii inagongwa wapi?"

Dada wa watu akafungua droo zote. Akapata padi imekauka, basi. Akajitolea aweke sahihi yake. Baba akamwambia sahihi bila muhuri ni mchoro tu, binti yangu. Halafu akainama, akachungulia nyuma ya kaunta. Najua alikuwa anamtafuta nani.

Tukaingia. Twiga walisimama karibu na barabara kabisa, wanne. Hakuwatazama.

Jumapili, 15 Juni

Njiani kurudi. Kauliza mara ngapi sijui. Nimechoka hadi meno.

Jumanne, 17 Juni

Katoroka. Nilikuwa naanua nguo, geti likabaki wazi. Nimezunguka na bodaboda saa nzima mjini. Nimemkuta stendi kwenye benchi, kitabu kwapani, hana sweta na upepo huu wa Singida. Kamwambia kondakta anakwenda kumchukua mkewe, amekwama langoni.

Nilimfokea mbele ya watu. Mimi, mwalimu, nikamfokea baba yangu kama mtoto wa kidato cha kwanza. Akasema samahani, mama.

Geti sasa lina kufuli. Nimemfungia kama mbuzi. Sijui nifanye nini. Naandika tena: sijui nifanye nini.

Alhamisi, 19 Juni

Nimefanya jambo. Nilinakili muhuri wa ukurasa wa nne kwenye karatasi, nikabadilisha jina la mbuga, nikampelekea Mzee Kanji wa duka la steshenari, maana mihuri ya shule hutengeneza yeye. Akavua miwani. "Mwalimu, wewe nakujua, mzee wako namjua. Hii ya serikali mimi sigusi." Amesema kweli na nimemchukia.

Fundi wa nyuma ya soko hakuuliza kitu. Saa moja tu, umekwisha.

Muhuri uko kwenye mkoba, nimeufunga na leso. Mwaka jana nilimpeleka mwanafunzi kwa mkuu wa shule kwa kughushi sahihi ya mama yake. Nilihutubia na darasa zima.

Ijumaa, 20 Juni

Niligonga akiwa anaoga. Nikapuliza wino ukauke. Uji, dawa. Akataka kitabu. Nikampa, nikajifanya nafuta meza.

Alifungua. Akatabasamu. Nilimwona. Akageuka kutazama mlangoni, kama mtu aliyesikia hodi.

Kisha akakisogeza kitabu dirishani. Akapitisha kidole gumba. Akanusa. Mtu asiyejua leo ni siku gani, ambaye asubuhi hii hii nimemfungia vifungo vya shati.

"Sahihi ya aliyegonga iko wapi?"

Niliendelea kufuta meza.

"Kingo zake mpya. Muhuri wa ofisi huwa umechoka. Huu umechongwa jana."

Haki ya Mungu, jana.

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Akanena kwa ile sauti ya ofisini niliyokuwa naisikia utotoni nikiwa nje ya dirisha: "Binti, hili ni kosa la jinai." Halafu akaanza kurudi nyuma. Ukurasa wa nne. Wa tatu. Kila muhuri kidole gumba, kila muhuri dirishani. Nikamwambia hiyo ni ya kweli, Baba, hiyo mligongewa wewe na Mama, mimi sikuwepo hata.

"Kila anayekamatwa na muhuri wa kuchonga husema hivyo."

Akafunga kitabu akaniachia mezani.

Jumamosi, 21 Juni

Hajakiomba. Uji, dawa, basi. Saa nne nikampelekea mwenyewe. Akasema hicho kimechezewa chote, kipelekwe polisi.

Nikamsomea kwa sauti ukurasa wa kwanza, mwandiko wake mwenyewe. "Mimi pamoja na mke wangu Salome." Akauliza Salome ni nani. Kauliza kwa adabu, kama unavyoulizia mgeni wa jirani.

Kwa hiyo hamsubiri tena. Si ndicho nilichotaka, aache kumsubiri? Ameacha.

Jumatatu, 23 Juni

Muhuri nimeutupa kwenye choo cha shimo kule uani. Nimempigia Yona nikamweleza yote. Nilitaka anifokee nipate wa kugombana naye. Akasema pole, mdogo wangu. Angefoka ningeona nafuu.

Nimejaribu kumweleza Baba kuhusu Mama. Sauti yake kwenye kwaya, alivyokuwa anamficha sukari. Anasikiliza vizuri. Mwisho akasema, inaonekana alikuwa mtu mwema.

Alhamisi, 26 Juni

Hakuna kitu. Amelala mchana kutwa. Kufuli nimelitoa, haendi popote.

Jumapili, 29 Juni

Baada ya ibada nilikaa mezani kusahihisha mitihani, mlango wazi. Baba akabisha hodi. Mlango wa nyumba anayolala. Koti la ofisi, kofia ameivua.

"Habari za kazi, mtendaji."

Nikasema nzuri, karibu, mzee. Akakaa ukingoni mwa kiti, kofia juu ya magoti. Anaomba barua ya utambulisho. Ana safari, na huko aendako hawamjui. Nikamuuliza ni wapi. Akasema ataelekezwa njiani.

Nikachukua karatasi safi. Nikaandika jina lake lote, kijiji chake na kazi aliyoifanya. Nikaandika kwamba namfahamu tangu nilipozaliwa, ni mwaminifu, hajawahi kumzungusha mtu, na popote atakapofika naomba apokelewe. Nikaweka sahihi. Akaisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Akaridhika. Akanirudishia.

"Bado muhuri."

Nilitazama droo kana kwamba upo. Kisha nikasema lile ambalo ofisini kwake halikuwahi kusemwa. Nikasema mwenye muhuri ametoka.

Hakulalamika. Akasema si neno, atasubiri.

Yuko barazani sasa. Upepo unaivuta barua, ameishika kwa mikono miwili. Nimempelekea chai na sweta, nikakaa naye kidogo. Kaniuliza kama na mimi nasubiri muhuri. Nimesema ndiyo. Akasogea kwenye benchi, akanipa nafasi.